Miwani Iliyosogezwa Kidogo

Jumamosi, 8 Juni. Asubuhi mawingu na upepo wa ziwani, mvua hakuna.

Bado naiwaza ile filamu ya mizimu ya Kijapani tuliyoangalia mchana na wifi. Mke anamuuguza mume asiyeweza kutembea. Anamwosha miguu kwa upole, kisha anaisogeza miwani ya mume mezani, kidogo tu, mkono wa mume usiifikie. Hakuna muziki. Hata DJ anayeitafsiri kwa Kiswahili, ambaye huwa hanyamazi, hapo alinyamaza.

"Sasa mzimu uko wapi?" wifi akauliza. "Nimeacha kufua nije kuona mtu anaoshwa miguu!"

"Mzimu ni huyo mke."

"Aa, wifi! Si anamuuguza vizuri tu?"

Natamani kujua aliyeitunga aligunduaje kwamba kitu kidogo hivyo kinatisha kuliko damu. Mimi nimeogopa kwa sababu nimemwelewa yule mke. Tangu mama mkwe aanguke, mkongojo wake nimeuweka nyuma ya kabati. Nasema ni kwa usalama wake, lakini daktari alishamruhusu kutembea wiki tatu zilizopita. Ukweli ni kwamba napenda anavyoniita. Kabla ya hapo hakuwahi kunihitaji.

Jioni nimeutoa mkongojo, nimemwegemezea kitandani.

"Mwanangu, huu ulikuwaga wapi?"

"Niliuficha, mama."

Amenitazama, akauvuta karibu yake.

Sasa hivi nimemsikia akienda msalani, mkongojo ukigonga sakafu polepole. Nimejikaza nisiinuke. Amerudi salama. Hakuniita.

Nalala saa nne na robo.