Silinda ya Tatu

Jumatatu, 11 Machi 2024

Mawingu mazito, mvua ya alfajiri imekatika saa moja. Gari limewaka, likatetemeka kama lina homa. Jana jioni nikitoka Kisesa kwa mama lilikohoa kidogo, nikadhani ni mafuta mabaya. Leo kwenye mwinuko wa kwenda kazini likaishiwa nguvu kabisa. Taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Kwa nini wiki hii! Ijumaa nampeleka mama kupasuliwa mtoto wa jicho. La kulia limeshaziba, la kushoto linafuata. Ameshaghairi mara mbili. Safari hii kakubali kwa sharti moja: aende kwa gari langu, si la mtu mwingine.

Fundi Masele kalisikiliza akiwa amesimama mbali, mikono mfukoni. "Pampu ya mafuta hiyo, dada." Hajafungua hata boneti!

Jumanne, 12 Machi

Jua kali. Pampu imebadilishwa. Linakohoa vilevile!

Nikamwambia alipime kwa kompyuta. "Kompyuta inadanganya, dada. Sikio halidanganyi." Nikasema sikio lako limeshanidanganya jana. Wenzake wakacheka, naye akaenda kuazima mashine. Jibu: silinda ya tatu haichomi mafuta. Sasa anataka tubadilishe koili zote nne za cheche, moja kwa kila silinda, "ili ulale usingizi". Nimekataa. Kwanza tujue.

Mama kapiga simu. Jirani kashamwambia gari la mwanao limekataa. Ameshaamua maana yake: ni ishara, macho yasiguswe. Nikasema Mama, ni umeme tu. "Umeme nao una mwenyewe."

Jumatano, 13 Machi

Manyunyu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini. Koili ya silinda ya tatu nimeipaka rangi ya kucha, nikamwambia Masele aihamishie silinda ya kwanza, ile ya kwanza aifunge kwenye ya tatu. Akanitazama kama mtoto anayechezea vyombo. "Sasa hapo umetengeneza nini, dada?" Sijatengeneza. Natafuta.

Tukapima tena — kosa limehamia silinda ya kwanza! Limefuata rangi yangu. Basi ni koili, na ni hiyo moja tu. Masele akapangusa mikono. Halafu: "Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo." Ee Mungu, nipe uvumilivu!

Lakini kuna kitu. Mpira wa koili ulikuwa umelowa, na una mstari mweusi wa kuungua. Kwenye shimo la plagi ya tatu, maji. Yametuama kabisa! Masele anasema nimeosha injini. Sijaosha! Mvua haifiki pale. Tumekausha, koili nyingine imefungwa. Injini imetulia, unaweza kusimamisha soda juu yake.

Maji yametoka wapi?

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi ukungu, mchana joto. Nimemfuata mama Kisesa ili alale kwangu Nyakato. Gari limekwenda vizuri njia nzima. Tulipofika barabara kuu akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Jumapili ulipofungua boneti injini ipoe, ukaingia kula, nilitoka na chupa yangu ya maji ya baraka. Padri alipolibariki gari alinyunyizia nje tu, kwenye bati. Ndani ndimo linamofanyia kazi."

Nikauliza kama alinyunyizia au alimwaga.

"Nilimwaga. Yote. Sikufanya uchoyo."

Nikabana usukani. Nikimwambia baraka zake ndizo zilizounguza koili, hapandi tena, na jicho ndiyo basi. Nikamshukuru tu. Kosa! Akaendelea: "Si unaona lilivyopona? Shetani kahangaika wee, kashindwa. Kwani lilikuwa linaumwa wapi?"

Koili, Mama.

"Ndiyo nini?"

Ile inayotoa cheche.

"Haya. Kesho kabla hatujaondoka utanionyesha ilipo, nimwage hapohapo. Bila hivyo sipandi, mwanangu. Nisije nikafa bure kwenye kisu cha daktari." Ana chupa nyingine kwenye mkoba, imejaa hadi kwenye kizibo.

Sasa amelala chumba cha pili. Nina mfuko wa nailoni hapa. Nikizifunika koili hataona — hayo macho ndiyo ninayompeleka yatibiwe. Nimeona aibu, nikaurudisha mfuko jikoni. Nimeenda kuuchukua tena.

Saa tano kasoro robo. Nalala.