Beseni Nyuma ya Mlango

Peru, milimani
Jumapili, 22 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka na nimechoka kuambiwa nipake mafuta ya kondoo. Natumaini Lulu ameichapa barua hii kwenye karatasi safi dukani kwake Makambako, na baba yake, Mzee Mustapha, amekuletea huko Mjimwema alipokuja na lori kuchukua viazi. Najua barua ya kwenye simu kwako si barua.

Jana nilifanya jambo la aibu, na wa kulaumiwa ni wewe. Jirani wa nyumba yetu ya watawa ni bibi mmoja anayeitwa Justina. Mchana nilimwona na wajukuu zake wakimwaga viazi vidogo vidogo uwandani, wakavitandaza juu ya nyasi, kisha wakaenda zao. Jioni ikaingia bila wingu hata moja, upepo umetulia, hewa inachoma puani. Mama, hewa ile naijua. Nimekua nikikimbia nawe bondeni kila jioni ya namna hiyo, kufunika mimea ya kinyungu chetu, lile shamba la bondeni, kwa majani makavu kabla jalidi, ile barafu ya alfajiri, haijashuka kutuunguzia kila kitu. Nikasema bibi huyu amesahau viazi vyake. Nikachukua magunia, majani, hata blanketi la kitandani kwangu, nikavifunika vyote. Nikaingia ndani nikijiona mmisionari hasa.

Leo asubuhi alinikuta navifunua. Uwanda wote ulikuwa mweupe, isipokuwa pale kwenye viazi vyake. Alilitazama blanketi, akanitazama mimi, akakaa kwenye jiwe. Kumbe viazi vile vimewekwa pale makusudi ili vigande. Baada ya siku tatu nne za jalidi wanavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yote yatoke, halafu wanavianika juani mpaka vinakuwa vigumu na vyepesi. Wanaviita chunyo. Vinakaa ghalani miaka kumi bila kuoza, na mvua ikikosekana ndivyo vinavyowalisha watoto. Mwaka huu jalidi ilichelewa mno. Ya jana ilikuwa ya kwanza, nami nikaizuia kwa blanketi.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kwetu watu wanaishije ikiwa wanaiogopa baridi kiasi hicho. Kwenye Misa nilimwomba Mungu ailete tena. Mimi, niliyesali nawe rozari miaka yote ile ili isije.

Sasa lile la mwezi wa tano ambalo hujalijibu. Jumapili ijayo, tarehe 29, natakiwa kuweka nadhiri za daima. Nikiziweka nitakuwa wa huku, nyumbani nitakuja kwa likizo tu. Mkuu wetu anasema mtu mzima hahitaji ruhusa ya mzazi, na ni kweli. Lakini mimi ni mtoto wako wa pekee, na baba Yosefu hayupo tena. Siku niliyoondoka nakumbuka kila kitu. Kwetu mtoto hatoki kwenda mbali kabla mama hajamwosha miguu mlangoni. Ulitia maji kwenye beseni, kisha ukalisukuma nyuma ya mlango, ukaniambia basi litaniacha. Miaka minne nimetembea na miguu ambayo haikuoshwa. Nimemwambia Mkuu kwamba sitakwenda altareni bila neno lako. Ukinyamaza mpaka Jumamosi nitaelewa, na mwezi wa saba nitarudi tulime pamoja. Sitakulaumu.

Mwanao,
Xaveri

*

Mjimwema, Njombe
Jumanne, 24 Juni 2025

Mwanangu Xaveri,

Marahaba, baba. Milele amina. Kamwene, kwa salamu ya kwetu. Mimi sijambo, goti linajijua lenyewe. Scola wa jirani anakusalimu, naye ameuza yule ng'ombe mkorofi. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Mustapha anasema ni Lulu, Lulu atasema ni Mustapha.

Nimeisoma habari ya viazi mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mustapha alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Mimi sikucheka. Nilikufundisha mwenyewe kufunika, tangu mkono wako haujatosha kushika jembe, kwa hiyo ulifanya kama nilivyokufundisha. Mwombe radhi huyo bibi kwa niaba yangu. Lakini hapa kwetu kiazi kilichoganda ni cha nguruwe, na sitaki kusikia kwamba mtoto wa Yosefu anakula cha nguruwe ughaibuni.

Vya kwenye kinyungu nimeanza kuvichimba. Nimevitandaza kwenye nyasi pembeni vikauke udongo, Mustapha atavichukua keshokutwa.

Hilo lingine nimelisoma. Nitaliona.

Mama yako,
Tereza

*

Peru, milimani
Alhamisi, 26 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi afya, na viazi vimekauka? Bibi Justina nimemfikishia salamu na radhi zako. Akasema mama anayemfundisha mtoto kufunika chakula ni mama mzuri, ila siku nyingine anifundishe kuuliza kwanza.

Imekuja, mama. Tangu Jumatatu jalidi imeshuka kila siku, na leo jua lilipopanda kidogo tulikwenda kukanyaga. Nilivua viatu na soksi. Uwanda mzima ulikuwa ukimetameta, milima imesimama pande zote na theluji yake, na watu wa kijiji kizima, wazee kwa watoto, wapo miguu mitupu juu ya mafungu ya viazi, wanakanyaga taratibu bila kusema. Sauti pekee ilikuwa ya maji kutoka chini ya nyayo. Kiazi unakisikia kinalegea, ganda linabanduka, maji yanapita katikati ya vidole, baridi inapanda mpaka kwenye meno. Mkuu alinipigia kelele niondoke nisije kuugua, na sikuweza kuondoka.

Maisha yangu yote nimejua kitu kimoja tu kuhusu jalidi, kwamba ni adui. Na hapa wanaingoja kama sisi tunavyongoja mvua za Novemba. Nilimuuliza bibi nani wa kwanza kufikiri jambo hili. Akajibu, "Mtu aliyepoteza viazi vyake vyote, akakataa kuondoka shambani." Kisha akaendelea kukanyaga.

Niliogopa, mama, kwa woga ule wa kanisani wakati wa kengele, padre anapoinua hostia. Nilimwona Mungu mkubwa kuliko nilivyomjua nikiwa bondeni kwetu.

Nangoja neno lako. Zimebaki siku tatu.

Mwanao,
Xaveri

*

Peru, milimani
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Lulu ameniambia barua yangu ya jana baba yake alikuletea asubuhi hii, ukaisoma palepale umesimama, ukaikunja, ukashuka bondeni bila kumuaga. Haikuwa kawaida yako kuacha mgeni bila chai.

Kama umekasirika, umekasirika kwa haki. Nimemwambia Mkuu asitangaze jina langu bado. Viatu vyangu vya Jumapili nimevipiga rangi, ila hiyo ni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya mikono.

Mwanao,
Xaveri

*

Mjimwema, Njombe
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mwanangu Xaveri,

Marahaba. Milele amina. Mimi ni mzima, nimechoka, na vidole vya miguu vimevimba. Nitakueleza.

Lori la Mustapha liliharibika, hakuja siku aliyosema. Jioni ya Alhamisi nilinusa hewa ile. Viazi vyote viko bondeni juu ya nyasi, Scola yuko Mdandu kwa dada yake, na mimi na goti hili. Nilifika mpaka mgombani nikashindwa. Nilikuita, Xaveri. Nilikuita kwa sauti kabisa, halafu nikakumbuka. Nikarudi ndani nikasali, nikasali kwa hasira. Asubuhi kinyungu chote kilikuwa cheupe, na viazi vya juu vikawa mawe.

Nilipanda kutoka kule nikiwa nimeshaamua kunyamaza. Uliniachia njia rahisi mno, mwanangu. Nisifanye chochote, nisiseme chochote, na wewe unarudi. Chumba chako nilikuwa nimekifagia tangu Jumatano, na godoro nimelianika. Mustapha akanikuta uani, akanipa barua yako.

Nikashuka tena. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Nikavua mabuti, nikasimama juu ya viazi vyangu vilivyoharibika, nikakanyaga. Nilisema moyoni kwamba nitamwonyesha Xaveri huu ni upuuzi. Maganda yakabanduka. Maji yakatoka, Xaveri, maji mengi, kama ulivyoandika. Watu wa shamba la pili wakaja kutazama mwanamke aliyepata wazimu kwa hasara. Scola aliporudi mchana alicheka sana, kisha akavua viatu. Sasa vimeanikwa kwenye bati la jiko. Sijui kama jua la Njombe litaviweza, wala kama jalidi ya siku moja inatosha, maana wewe ulisema siku tatu nne. Lakini leo asubuhi Mustapha alipopita alichukua kimoja akamwonyeshe mkewe Maua kule Makambako, amekifunga kwenye leso.

Nilisimama mle mpaka miguu ikafa ganzi, nikalia. Miaka minne nimemwomba Mungu akuondolee wito huo, kwa maneno yaleyale ninayoombea jalidi isije. Sikuwahi kumuuliza yeye anataka kuifanyia nini. Nilifikiri Mungu anakaa Njombe tu, na anajua ninachokijua mimi.

Beseni lile bado liko nyuma ya mlango. Sikulitumia kwa kitu kingine, hata kufulia. Jana nimelitoa nikanawa miguu yangu mwenyewe, kwa sababu yako iko mbali.

Lulu amepanda lori kuja kuipiga picha barua hii, yupo mlangoni ananihimiza, anasema huko bado ni asubuhi na utaiona leo leo. Basi mwambie Mkuu atangaze jina lako. Nenda altareni.

Ila kabla hujatoka nyumbani kesho, mpelekee bibi Justina barua hii, umsomee kwa lugha yake. Mwambie Tereza wa Mjimwema anamwomba akae mlangoni akuoshe miguu, kwa kuwa mimi mikono yangu haifiki. Maji yawe ya vuguvugu, unapata mafua upesi. Na kisigino cha kushoto, pale jembe lilipokukata ukiwa darasa la nne, asipasugue kwa nguvu.

Mama yako,
Tereza