Mtu Mmoja kwa Kila Matanga

Baba Atieno wangu,

Habari za hapo Rodi Kopany? Kifua je, kile kikohozi cha vumbi kimeisha ama bado unajifanya daktari wa tangawizi? Atieno anakula? Mwambie mama yake anauliza kama anasukwa nywele ama ameamua kufanana na wewe. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina la kusema juu yake, lakini umeniomba ukweli, kwa hivyo soma ukiwa umekaa.

Huku Uingereza baridi imepungua lakini watu hawajaanza kuongea. Naweza kutoka chumbani asubuhi, nikae darasani, nipite dukani, nirudi, na neno pekee lililotoka mdomoni mwangu ni asante kwa mwenye duka. Kiswahili chetu, hiki cha Mkuria aliyeolewa na Mjaluo, sina wa kumwambia. Juzi nimejikuta naongelesha sufuria. Cheka tu, najua unacheka.

Umeniandikia kwamba naibu wangu Beryl hujamsamehe, na ukipita pale ofisini humsalimu. Unasema mama yangu amezikwa kule Migori, na shirika zima la vijana ninaloliongoza likatuma mtu mmoja, Okoth dereva, akasimama na shada lake la maua kama mtu aliyepotea njia. Ndugu zangu wakakuuliza, "Hao watu wa Robi wako wapi, ama kazi yenyewe alikuwa anatudanganya?" Najua ilikuuma. Mimi pia nilimwona Okoth, kwenye ile simu dada yangu alikuwa ameshika, na nikatafuta nyuma yake kama kuna mwingine.

Sasa sikiza. Siku mama alipofariki Beryl alinipigia. Alilia kwanza, halafu akauliza, "Madamu, tujaze gari tuje wote, ama tufuate ile sheria?" Nikamwambia afuate sheria, aende mmoja.

Sheria yenyewe unaijua, maana tuligombana juu yake kwenye simu mpaka chakula chako kikapoa. Kwetu kila Jumamosi ni matanga. Mzazi wa kijana akifa, ofisi nzima inaenda. Akifa shangazi ya jirani ya huyo kijana, bado tunaenda. Na Jumamosi ndiyo siku vijana wa Kosele na wa Mfangano huja kusema yanayowalemea, nani halali usiku, nani amefukuzwa nyumbani na mimba yake, nani amechoka na dunia. Walikuwa wakikuta mlango umefungwa. Nilipoanza masomo haya ya biashara tukafundishwa kuangalia saa za wafanyakazi vile mwenye duka anavyoangalia bidhaa zake, zinakwenda wapi na zinamfaa nani. Nikaangalia zetu, nikaona aibu. Ndipo nikaandika kutoka huku kwamba ni mtu mmoja kwa kila matanga, wengine wabaki na vijana. Wazee wa kamati wakanung'unika, eti msomi ameanza. Lakini tangu hapo mlango wa kituo chetu cha Kosele unafunguliwa kila Jumamosi, na wewe mwenyewe umeona vijana wanavyojaa.

Halafu kuna yule msichana wa Kosele anayeshona nguo za shule. Mama yake alipozikwa, tulituma mtu mmoja. Sasa ningemwambia Beryl nini? Kwamba mama ya huyo anatoshwa na mmoja, lakini mama ya mkurugenzi aletewe gari zima? Nilisema mmoja, nikakata simu, nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Pasipoti yangu ilikuwa bado imekwama kwa watu wa uhamiaji. Sikuweza kupanda ndege, sikuweza hata kuwapikia chai waliokuja kumlilia mama. Ile sheria niliichukia kabisa.

Wiki iliyopita nikawaandikia ofisini: kaeni bila mimi, mwamue kama sheria hii iendelee, na mimi nitakubali. Mwalimu wetu wa uongozi hupenda hivyo, wanaofanya kazi waachiwe uamuzi wa kazi. Lakini wewe sikufichi. Sikufanya hivyo kwa ajili ya mwalimu. Nilitaka waivunje. Nilitaka waniambie, Madamu, tulikosea, tungekuja wote tumzike mama yetu. Siku hiyo yote nilishinda na simu mkononi kama msichana anayengoja mchumba.

Beryl akapiga. "Tumekaa, Madamu. Tumekubaliana ibaki."

"Wote?"

"Wote, hata Okoth. Siku ya mazishi ya mama yako, yule msichana mshonaji alikuja Kosele. Alisikia umefiwa, akadhani tumefunga, lakini akaja tu kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alipotukuta alilia mpaka akachoka. Tungekuwa Migori, angekuta kufuli." Halafu akauliza, "Umekasirika?"

Nikamwambia nimefurahi. Na nilifurahi kweli, Baba Atieno, maana nina watu wanaoweza kuamua jambo gumu bila kuniangalia usoni. Ila nilipokata simu nililia kuliko siku ile ya msiba. Kazi inaenda vizuri bila mimi, na mama amezikwa bila mimi, na mimi niko hapa naandika insha.

Kwa hivyo Beryl umsalimie. Hana kosa hata kidogo. Jumapili watakuja wote kwa mama kutoa pole, kwa nauli zao, si kama ofisi. Uwe huko uwapokee, na chai iwe na maziwa.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie miguu yake naiulizia. Nisalimie ndugu yako mdogo na mke wake wanaomtazama Atieno ukiwa safarini, na jirani yetu anayetukamulia ng'ombe. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, hata akikataa.

Nina ombi moja. Wageni wakifika watapitia wafiwa mmoja mmoja wakiwapa mkono. Dada yangu atakuwa kwenye kiti chake, kaka yangu kwenye chake. Changu kisiondolewe. Ukae wewe. Najua mkwe hakai na wafiwa. Wazee wakilalamika waambie ni Robi amesema. Upokee kila mkono wa mtu aliyekuja kwa ajili yangu, hata wa anayekuja kuchungulia tu. Hapa tangu mama afariki hakuna mtu aliyenishika mkono. Usiharakishe, Baba Atieno. Kaa mpaka amalize mtu wa mwisho.

Ni mimi mke wako,
Robi