Tulizika Shati Lako

Kaka Edson,

Ninaandika kukuarifu kwamba tunakuja kukufukua, na kukuomba radhi kwa jambo nililolitenda Jumapili iliyopita nyumbani kwa Mama, Mjimwema.

Kwa miaka minne tuliamini duara, lile shimo lenu la dhahabu, lilikuporomokea. Obadia, mshirika wako wa uchimbaji, alituambia hivyo, nasi tukazika shati lako. Jumapili alikuja baada ya ibada, akapiga magoti. "Mama, halikuporomoka. Nilimpiga sururu ya kisogo kwa ajili ya ule mwamba wa dhahabu. Nilianza kufukia akiwa bado anapumua."

Ukiwa bado unapumua, Kaka.

Mimi mwenye shahada, niliyezoea kuandika "kwa mujibu wa", niliuchukua mchi wa kinu nikampiga mdomoni. Meno mawili yalibaki sakafuni. Nilipouinua tena, alisema damu ikimchuruzika, "Maliza, msomi. Lakini maduara ni mengi, na lake nalijua peke yangu." Mama akaushika mchi. Hakulia. "Mikono iliyomfukia ndiyo itakayomfukua," alisema, kisha akaita polisi.

Jana nilikwenda kambini kwenu, kule milimani ng'ambo ya Lugarawa. Pamekuwa mahame. Baada yako watu waligombea maduara kwa mapanga, wakakatana, waliosalia wakakimbia. Karasha la kusagia mawe limeliwa na kutu. Mbuzi wanalala ndani ya baa. Unakumbuka stendi ya Makambako, nilipokueleza tasnifu yangu kuhusu mji wa dhahabu uliohamwa katika jangwa la Marekani? Ulicheka mpaka kondakta akageuka. "Mdogo wangu, yaani unasomeshwa nyumba zisizo na watu?" Nilikujibu kitaalamu, kwa hasira, kwamba mwamba ukiisha watu huondoka. Nilikosea. Kwenu waliondoka dhahabu ikiwa bado ardhini.

Sikujua nisimame wapi kukusalimu. Nilisema "Kamwene" kwenye kila shimo, mpaka sauti ikanikauka.

Afande amelikubali ombi la Mama. Obadia atachimba chini ya ulinzi, nami nitasimama nyuma ya kisogo chake, sururu ya akiba ikiwa karibu na mguu wangu. Najijua, Kaka. Mkono huu umekwisha kuonja damu. Hata hivyo nimemwahidi Mama, na sasa nakuahidi wewe: sitaigusa. Usitoke ardhini ukamkuta mdogo wako naye ameua.

Vumilia siku hizi chache zilizobaki. Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitakuwa mdomoni mwa duara lako.