Mwenzangu wa Zamu ya Usiku

Jumatatu, 3 Machi
Wifi amepiga simu. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na kwake. Atakuja kumchukua mama yake Jumamosi ya tarehe 22. Nikasema sawa, haraka haraka, nisije nikabadili mawazo. Mimi ndiye niliyeomba. Miaka miwili sasa tangu mume wangu afariki, nami nimebaki na mama mkwe anayeniita nesi, siku nyingine mwizi. Kila jioni anauliza mwanawe yuko wapi. Zamani nilimwambia ukweli – akawa analia msiba upya kila siku. Sasa nasema yuko kazini. Nasema, halafu naingia jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Kituo cha mchana, ninakompeleka Mama kila Alhamisi, wameleta miwani ya kompyuta. Mikubwa, kama ya mchomelea vyuma. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine kabisa, ukigeuka, nyuma napo unapaona. Nesi wa hapo anasema huwatuliza wenye ugonjwa wa kusahau, na sisi tunaowauguza tunapata kupumua. Mama akaonyeshwa ufuo wa bahari. Akauliza ni nani ameacha bomba wazi. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Bustani – akasinzia. Nesi akaniuliza alifanya kazi gani ujanani. Kiwanda cha nguo, nikasema, idara ya rangi. Atatafuta.

Alhamisi, 13 Machi
Amekipata. Si kiwanda chake, lakini mashine ni mashine. Mama akavalishwa miwani. Kisha mgongo ukanyooka – ule mgongo uliopinda tangu msiba. Mikono ikaanza kuvuta kitambaa hewani, inakunja, inavuta. Akawa anaongea kwa kupaza sauti, kama mtu aliyezoea kelele. Nesi akanivalisha miwani ya pili, nami nikajikuta ndani, kando yake. Mngurumo mtupu. Vitambaa vimening'inia kutoka juu, vingine bado vinachuruzika rangi.

"Usimsahihishe," nesi akaninong'oneza. "Mfuate huko huko aliko."

"Mwenzangu, umechelewa," Mama akasema. "Nyapara ameshapita mara mbili."

Nikamwomba radhi. Nikasingizia watoto.

"Watoto gani, wewe hata hujaolewa!" Akacheka, akanipiga begani.

Zaidi ya miaka thelathini katika familia hii, hajawahi kucheka nami hivyo.

Jumapili, 16 Machi
Amekataa kuoga. Amenitupia sabuni. Nimeanza kufungasha nguo zake.

Alhamisi, 20 Machi
Leo ndani ya miwani hakutaka kazi, alitaka umbea. Akanivuta karibu.

"Mwanangu ana mchumba."

Nikashika kiti. Akasema kijana hashikiki siku hizi. Shati moja analipiga pasi mara tatu, huku anaimba kwa sauti mbaya. Ni kweli, sauti yake ilikuwa mbaya. Aliimba hivyo hivyo akinyoa ndevu, akitafuta funguo, akinisubiri nimalize kuvaa. Ugonjwa ulipomwanza akaacha, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamwona yuko mbele ya kioo, povu shavuni.

"Huyo binti yukoje?" nikauliza.

"Karani. Kazi yake kupiga chapa. Vidole safi, utadhani hajawahi kushika sufuria." Akashusha sauti. "Alikuja juzi. Nikamtengea chai, nikakimbilia uani. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko. Ningempaje mkono?"

Naikumbuka siku hiyo. Chai, mkate, kiti kitupu mbele yangu. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Njiani kurudi nilimwambia mume wangu: mama yako hanitaki. Akaapa sivyo, tukabishana hadi kituo cha basi. Tangu hapo nikawa namwamkia mama mkwe na kupita zangu, miaka yote hiyo.

"Kesho kutwa anamleta tena," Mama akasema. "Safari hii nataka nikae naye. Nimwambie nini mtu wa ofisini?"

"Mshike tu mkono," nikasema.

Nesi aliponivua miwani, akapangusa vioo bila kuniuliza kitu.

Jumamosi, 22 Machi
Wifi amefika na gari la kukodi. Begi liko mlangoni. Mama ameshavaa, ameketi kitandani, hasogei.

"Siendi popote. Leo mwanangu analeta mgeni."

Wifi akashusha pumzi. Akanivuta pembeni. "Wifi, mwambie basi. Wewe anakusikiliza." Ananisikiliza – tangu lini? Nikasema ngoja nitafute viatu vyake.

Viatu ninavyo hapa mapajani. Nimejifungia chumbani kwangu, naandika badala ya kutoka. Dereva anapiga honi. Kupitia ukuta namsikia Wifi akibembeleza: "Mama, mgeni gani jamani?"

"Karani. Hebu angalia mikono yangu. Imetoka?"

"Imetoka nini, Mama?"

Kisha Mama anapaza sauti, ile sauti ya kiwandani, anauliza kama humu ndani hamna mtu wa kumwambia iwapo mikono yake imetakata.