Mihogo ya Siku Mbili

Jumamosi, Heru Juu. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu hauna raha.

Leo nusura niwalishe watu wangu sumu.

Mihogo yetu ni ile michungu. Huwa naloweka siku nne mpaka ilainike, ndipo naianika. Leo nimeiopoa siku ya pili, nikiamini kabisa ni ya nne. Mama, ninayeishi naye tangu baba afariki, akabonyeza mmoja kwa kidole gumba, akairudisha yote kwenye pipa. Na mwalimu wa biolojia humu ndani ni mimi. Nikajifungia chumbani nikalia.

Nina miaka hamsini na mmoja. Hedhi ilikoma mwaka jana, na tangu hapo maneno yananiponyoka. Wiki iliyopita, mbele ya Kidato cha Nne, nilisahau neno "ini". Nimeshaandika barua ya kumwomba mkuu wa shule ampe mwingine darasa langu. Naogopa kuchekwa, na zaidi naogopa kwamba akili ndiyo inaondoka.

Baadaye nikasoma kuhusu tumbili majike. Umri ukisogea, baadhi ya jeni za ubongo hupunguza kazi, nyingine huzidisha, na kupungua kwa homoni ya estrojeni nako kuna mkono wake. Wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Hospitali nitakwenda, lakini nilipumua kidogo.

Nikamweleza mama kwa Kiha, nikihangaika kutafuta maneno. Alikuwa anachambua maharage.

"Hata tumbili?" akauliza.

"Hata wao, mama."

Akaacha kuchambua.

"Mwana wanje, mwanangu, damu yangu ilipokoma, nilimsahau mdogo wako Neema sokoni. Nikafika nyumbani na kapu tu. Nilirudi mbio, nikamkuta amelala kwa muuza chumvi. Nikajua nimerogwa. Sikumwambia mtu, hata baba yenu."

Nilihesabu miaka. Wakati ule nilikuwa chuoni, nasomea homoni hizo hizo, na likizo nilikuwa namcheka kwa kusahau kwake.

Nilimcheka mama yangu.

Nimemwomba radhi. Akanishika mkono, akaendelea na maharage kwa mkono mmoja.

Barua nimeichana. Jumatatu naingia darasani, na nikikwama kwenye neno nitawaambia wanafunzi sababu, ili wasiwacheke mama zao.