Kuku wa Bi Zuhura

Mama, shikamoo.

Huku Kibaha joto ni kali mpaka shuka linanata mgongoni, lakini kinachoninyima usingizi si joto.

Jana nilikwenda Kisarawe kuwatafsiria wale wageni wa ng'ambo wanaosaidiana na kanisa letu. Tulikwenda kwa Bi Zuhura, bibi wa Kiislamu anayelea wajukuu yatima, ambaye kanisa limemwezekea nyumba kwa mabati mapya. Kwa furaha alikuwa amemchinja kuku wake pekee anayetaga, akamuunga nazi. Majirani wakamwazima mkeka na sahani.

"Haya wanangu, karibuni mnawe," akasema Bi Zuhura.

Wageni wakatazamana. Walikuwa wameonywa kwao wasile chakula cha majumbani, wasije wakaumwa matumbo. Kiongozi wao akaninong'oneza nimwambie kwamba wameshiba. Nikamwambia, na mikate yao ya mchana bado iko kwenye gari, haijaguswa.

"Hata tonge moja la kuonja?" akauliza.

Nikatafsiri. Wakatabasamu, wakajishika matumbo. Bi Zuhura akalifunika sinia kwa kawa, polepole, majirani wote wakimtazama. Halafu mama mmoja mgeni akamkumbatia, akaniomba nimwambie kwamba kuanzia leo sisi ni ndugu.

Hilo, Mama, sikulitafsiri.

Masika haya Bi Zuhura hatavujiwa, namshukuru Mungu. Ila roho inaniuma. Nikirudi nipikie hata mchicha mtupu. Utanikuta nimeshanawa kabla hujanikaribisha.

Mwanao akupendaye,
Neema